Sura ya Nne: Nyumba Nane Zinatosha Kuanza

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa nchini Tanzania. Kule Kenya, mamlaka ya nishati ya huko, EPRA, hutangaza za kwao kila tarehe 14. Wenye magari hutega sikio, lakini wengi wanaoumizwa na tangazo hilo hawajawahi kumiliki hata pikipiki. Mama lishe wa Buguruni, Dar es Salaam, hanunui dizeli. Ila nyanya zake zimekuja kwa Fuso kutoka Ilula, mchele wake umekuja kwa lori kutoka Mbarali, unga wake umefikishwa dukani kwa bodaboda, na gesi anayopikia imeshushwa bandarini kutoka ng'ambo. Bei ya mafuta ikipanda, yeye haoni risiti yoyote ya kituo cha mafuta. Anachoona ni sado ya nyanya iliyoongezeka bei, nauli iliyopanda, na wateja waliopunguza kula.

Ukitaka kujua jamii inategemea mafuta kwa kiasi gani, kuhesabu magari yake hakutoshi. Hesabu safari. Chakula kimesafiri umbali gani hadi sahanini? Mtoto anasafiri umbali gani kwenda shule, mgonjwa kwenda zahanati, fundi kwenda kibaruani? Kila kilomita kati ya watu na mahitaji yao ni deni linalolipwa kwa dizeli. Na kwa kuwa umbali huo haukupangwa na mtu mmoja, mtu mmoja peke yake hawezi kuufuta. Unaweza kuamua leo kwamba hupandi tena gari, lakini kama soko liko kilomita kumi na njia ya miguu haipo, azimio lako halitamaliza wiki.

Ndiyo maana sura hii inazungumzia majirani. Ninaamini, na mifano inayofuata ndiyo iliyonishawishi, kwamba kipimo sahihi cha kazi hii ni mtaa. Serikali ni kubwa mno kujua safari ipi inamuumiza nani, na mtu mmoja ni mdogo mno kuibadilisha. Kati yao kuna nyumba chache zinazojuana, na hapo ndipo mambo yamewahi kutendeka.

Darasa la Kinsale

Kinsale ni mji mdogo wa bandari katika kaunti ya Cork, kusini mwa Ireland, unaoishi kwa uvuvi na utalii. Katika chuo cha mji huo, Rob Hopkins alikuwa akifundisha namna ya kupanga mashamba na makazi kwa kuiga mwenendo wa asili. Mwaka 2004 aliwaonesha wanafunzi wake filamu kuhusu vitongoji vya Marekani vilivyojengwa kana kwamba petroli ya bei nafuu haitaisha kamwe. Kisha akamwalika Colin Campbell, mwanajiolojia aliyetumikia kampuni za mafuta kwa miaka mingi. Campbell aliwaeleza kwamba uchimbaji wa mafuta ya kawaida duniani ulikuwa unakaribia kilele, na baada ya hapo ungeshuka mwaka hadi mwaka.

Habari kama hiyo ingeweza kuwavunja moyo vijana wale, lakini Hopkins aliwapa kazi: wauandikie mji wao mpango wa kupunguza mafuta hatua kwa hatua hadi mwaka 2021. Wakagawana sehemu: chakula, nishati, usafiri, afya, elimu, utalii, taka. Kila sehemu ilieleza hali ilivyo, kisha mji wanaoutamani, kisha mambo ya kufanya mwaka kwa mwaka ili kutoka huku kufika kule. Mwishoni mwa 2005 baraza la mji likaupitisha mpango huo. Ulikuwa umeandikwa na wanafunzi wa chuo kidogo, tena wakiandika kuhusu mahali walipopafahamu kwa miguu yao wenyewe.

Ni haki kusema kwamba utabiri wa Campbell haukutimia kwa namna alivyoutarajia. Wamarekani walipata njia ya kupasua miamba migumu na kuyatoa mafuta yaliyonaswa ndani yake, na kufikia 2019 dunia ilikuwa ikitumia takriban mapipa milioni 100 kwa siku. Lakini sababu za mpango wa Kinsale hazikufa. Julai 2008 pipa moja, yaani lita 159, lilivuka dola 147. Kabla mwaka haujaisha lilikuwa limeporomoka hadi chini ya dola 40. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, bei ilipaa tena kupita dola 120, na serikali ya Tanzania ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kupoza makali. Familia yenye kipato kidogo haiwezi kupanga maisha juu ya bei inayoyumba hivyo kwa sababu ya vita vya mbali. Na juu ya yote hayo, moshi wa kila pipa unazidi kuipasha dunia joto, na mvua za vuli na masika zimekwisha kutuonesha maana yake. Mafuta hayakulazimika kuisha ili yatutese.

Mkutano wa Totnes

Hopkins alihamia Totnes, mji wa soko wenye watu wapatao elfu nane, kando ya mto Dart katika jimbo la Devon, Uingereza. Huko yeye, Naresh Giangrande na wenzao walitumia miezi kadhaa kuonesha filamu, kuandaa mihadhara na kuzungumza na vikundi vilivyokuwepo. Tarehe 6 Septemba 2006, mamia ya wakazi wakakutana katika ukumbi wa mji na kuzindua Transition Town Totnes, harakati ya kuuvusha mji kutoka kwenye utegemezi wa mafuta. Vikaundwa vikundi kazi: cha chakula, cha nishati, cha usafiri, cha ujenzi, cha uchumi.

Jambo moja walilofanya mapema linanivutia kuliko mengine. Waliwaendea wazee. Waliwauliza waliokulia pale kabla magari hayajawa mengi, miaka ya 1930 hadi 1950, mji ulikuwa ukila nini, ukipasha nyumba joto kwa nini, ukienda kazini vipi. Wazee wakasimulia kuhusu bustani za mboga zilizokuwa katikati kabisa ya mji. Mojawapo leo ni maegesho ya magari. Walisimulia pia shida: baridi ndani ya nyumba, kazi nzito, umaskini. Hakuna aliyetaka kuirudisha enzi ile. Faida ya masimulizi ilikuwa kujua kwamba mji ule ule, juu ya ardhi ile ile, uliwahi kujilisha kwa sehemu kubwa, na watu walioshuhudia walikuwa bado hai.

Kutoka hapo majaribio yakawa mengi. Wenye bustani wasioweza tena kulima, wengi wao wazee, waliunganishwa na wenye nguvu wasio na ardhi, na mavuno wakagawana. Ilipandwa miti ya jozi, lozi na matunda ndani ya mji. Palikuwa na bajaji zilizotembea kwa dizeli iliyotengenezwa kutokana na mafuta yaliyokwisha kukaangia vyakula. Mwaka 2007 ilichapishwa noti ya Totnes, yenye thamani sawa na pauni moja, iliyopokelewa katika maduka ya wenyeji tu, ili fedha izunguke mjini kabla haijatoka. Noti hiyo ilifungwa mwaka 2019, wakati watu wengi walikuwa wamehamia kwenye malipo ya kadi. Waliizika bila aibu, na mengine yakaendelea. Jamii inayojaribu ni lazima iwe na ujasiri wa kuacha kisichofanya kazi.

Lakini jaribio lililozaa matunda mengi kuliko yote halikuwa na noti wala mtambo. Liliitwa Transition Streets, nalo lilikuwa la mitaa. Nyumba sita hadi nane zilizo jirani zilikubaliana kukutana mara kadhaa, kwa zamu, sebuleni kwa mmojawao. Walikuwa na kitabu cha mwongozo kilichogawanywa kwa mada: umeme na joto la nyumba, maji, chakula, taka, usafiri. Kila kikao kilishughulikia mada moja. Watu walisoma mita zao na kuangalia walichotumia. Kila nyumba ilichagua hatua zake: kuziba nyufa zinazopitisha baridi, kushusha kipima joto, kununua mboga za jirani, kwenda mjini pamoja kwa gari moja. Kikao kilichofuata walielezana nini kimewezekana na nini kimeshindikana.

Kati ya 2009 na 2011 karibu kaya 500 zilipitia utaratibu huo. Kwa wastani kila kaya iliokoa takriban pauni 570 kwa mwaka na kupunguza kiasi cha tani 1.2 za hewa ukaa. Serikali ilichangia fedha, na baadhi ya kaya zilisaidiwa kuweka paneli za sola baada ya kumaliza vikao, lakini sehemu kubwa ya akiba ilitokana na mazoea yaliyobadilika. Na walipoulizwa walichofaidika nacho zaidi, wengi hawakutaja fedha. Walitaja kwamba sasa wanawajua majirani zao.

Jibu hilo linaeleza kwa nini mbinu ilifanya kazi. Ahadi uliyojiwekea mwenyewe unaweza kuivunja kimyakimya. Ahadi uliyoitoa mbele ya mama wa nyumba ya pili, ambaye Jumamosi ijayo utakaa naye mkinywa chai, ina uzito mwingine. Tena majirani wanashiriki umbali ule ule: soko lile lile, shule ile ile, kituo kile kile cha basi. Wakikaa pamoja, tatizo ambalo kila mmoja alilibeba kama lake peke yake linageuka kuwa la wote, na matatizo ya wote yana dawa ambazo tatizo la mmoja halina.

Havana, pasipo hiari

Totnes walikuwa na muda wa kuchagua. Cuba hawakuwa nao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kisiwa hicho kilikuwa kikipokea takriban tani milioni 13 za mafuta kwa mwaka kutoka Umoja wa Kisovyeti, kwa masharti nafuu. Umoja huo ulipoanguka, shehena zikapungua kwa nusu na zaidi katika miaka michache, na pamoja nazo mbolea, dawa za mashamba na vipuri vya matrekta. Vikwazo vya Marekani vikafunga milango mingine. Wakubani waliuita wakati ule Kipindi Maalumu.

Serikali iliagiza baiskeli zaidi ya milioni moja kutoka China. Matrekta yaliposimama, wakulima walirudi kufunza maksai. Na Havana, mji wa watu milioni mbili, ukaanza kulima ndani yake: kwenye viwanja vitupu, palipobomolewa majengo, hata palipokuwa na vifusi. Ambapo udongo ulikuwa mbovu walijenga matuta yenye kingo za zege au mawe, wakayajaza mboji, wakapanda saladi, vitunguu, spinachi. Mashamba hayo yaliitwa organopónicos. Serikali iliwapa watu haki ya kutumia ardhi isiyolimwa, na mwaka 1994 ikaruhusu masoko ya wakulima. Shamba la ushirika la Alamar, mashariki mwa Havana, lililoanzishwa 1997, likakua hadi kufikia hekta zipatazo 11, likiwauzia mboga wakazi wa maghorofa yanayolizunguka. Safari ya mboga hizo kutoka shambani hadi jikoni ni ya dakika chache kwa miguu.

Sitaki kuipamba hadithi hii. Watu walikonda. Kati ya 1991 na 1993 ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ikiwemo ya macho, uliwapata Wakubani zaidi ya 50,000, na ukosefu wa lishe ulikuwa miongoni mwa sababu zake. Ni kweli pia kwamba baadaye watafiti waliona vifo vya kisukari na moyo vilipungua baada ya miaka ile ya kutembea sana na kula kidogo, lakini hakuna mzazi anayeomba afya ya aina hiyo kwa wanawe.

Angalia kilichotokea mafuta yaliporudi. Kuanzia mwaka 2000 Venezuela ilianza kuipelekea Cuba mafuta mengi, na baiskeli nyingi zikatoweka barabarani. Bustani nyingi, kwa upande mwingine, zilibaki. Baiskeli ziliingizwa kwa amri wakati hapakuwa na basi, na wengi walizihesabu kuwa alama ya dhiki. Bustani zilikuwa na wenyewe: waliojua kulima, waliouza, waliokula na kujua ladha ya mboga iliyochumwa asubuhi ile. Nasi tumeyaona haya. Watanzania waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka foleni za petroli na marufuku ya kuendesha magari Jumapili mchana. Uhaba ulipokwisha, marufuku ikaenda nao, na hakuna mtaa uliobaki na desturi mpya. Mabadiliko yanayoletwa na uhaba huondoka na uhaba. Yanayobaki ni yale ambayo watu wameyapangia, wakayafaidi na kuyaita yao. Ndiyo sababu ni busara kuanza wakati mafuta yangali yanapatikana.

Mlango wa baraza

Majirani nao wana mpaka. Hakuna kikundi cha nyumba nane kinachoweza kujenga barabara ya waenda kwa miguu au kuamua basi lipite wapi. Hapo ndipo baraza la mji linapoingia, na mfano bora ninaoujua ni Groningen, kaskazini mwa Uholanzi. Mwaka 1977, chini ya diwani kijana Max van den Berg, mji huo uligawanya eneo lake la katikati katika sehemu nne. Gari halikuweza tena kuvuka moja kwa moja kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Lililazimika kutoka hadi barabara ya mzunguko na kuingia upya. Baiskeli na miguu viliruhusiwa kupita popote. Wafanyabiashara walipinga kwa nguvu. Leo zaidi ya nusu ya safari za ndani ya mji huo hufanywa kwa baiskeli, kwa sababu mpangilio wenyewe umeifanya baiskeli kuwa njia fupi.

Baraza lolote huhitaji kusukumwa, na anayelisukuma vizuri ni mtaa uliokwisha kufanya hesabu yake. Wananchi wanaokwenda kwa diwani na malalamiko husikilizwa na kusahauliwa. Wanaokwenda na orodha ya watoto wangapi wanavuka barabara gani saa ngapi, na familia zinalipa bodaboda kiasi gani kwa mwezi kwa kukosa kivuko, wanakwenda na hoja.

Kumi kumi zetu

Kwa msomaji wa Kiswahili, mbinu ya Totnes haina ugeni wowote. Tanzania ina mabalozi wa nyumba kumi kumi tangu zama za TANU. Kenya ilianzisha Nyumba Kumi mwaka 2013 kwa ajili ya usalama. Tuna VICOBA, tuna chama, tuna vikundi vya kufa na kuzikana ambavyo huchangishana, hukutana kwa zamu, huweka daftari na kumwajibisha asiyetimiza. Kile ambacho Waingereza wale walihitaji kitabu cha mwongozo ili kukijenga, sisi tunacho tayari. Tunachokosa ni kukitumia kwa jambo hili.

Mengi yanaweza kuingia katika daftari hilo. Nyumba nane zinazonunua mchele, maharage na mafuta ya kula kwa pamoja, gunia kwa gunia na dumu kwa dumu, zinafuta safari nyingi ndogo za bodaboda na kupata bei ya jumla. Watoto wanaweza kutembea kwenda shule kwa kundi, mtu mzima mmoja akiwasindikiza kwa zamu. Mchicha, matembele na sukuma wiki hustawi kwenye magunia na viroba penye uwanja wa hatua chache, kwa maji yaliyokwisha kuoshea mboga. Penye umeme wa uhakika, jiko la presha la umeme huivisha maharage kwa chini ya uniti moja, na linaweza kununuliwa kwa mzunguko wa kikundi kama tunavyonunuliana vyombo. Penye njia za baiskeli, kama zile zilizojengwa pamoja na barabara za mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, mtaa unaweza kudai zisigeuzwe maegesho.

Kuna njia moja ya kupunguza mafuta ambayo siiungi mkono: kuacha gesi na kurudi kwenye mkaa. Hiyo ni kuhamisha deni kutoka bandarini hadi msituni, na kulilipisha mapafu ya mama na mtoto anayembeba mgongoni.

Na kuna haki ya kulindwa. Anayetembea kutoka Mbagala hadi mjini kwa kukosa nauli hana cha kupunguziwa. Kumhubiria ajinyime ni kumtukana. Lengo la kazi hii ni kumpunguzia umbali, ili kazi, mboga, shule na dawa vimsogelee, na bei ya pipa iliyopangwa mbali isiwe na nguvu ya kumnyima mwanawe chakula cha jioni. Mwenye magari mawili ndiye wa kwanza kuulizwa atapunguza nini, na ataulizwa vizuri zaidi na jirani yake kuliko na waziri.

Kwa hiyo mkutano wa kwanza usiwe na hotuba. Uwe na ajenda moja: kila nyumba ilete hesabu ya wiki moja ya nauli, petroli, gesi na bodaboda, pamoja na safari zilizoigharimu. Wekeni hesabu zote mezani na mtafute safari moja ambayo nyumba zote zinailipia. Anzeni na hiyo, mwezi mmoja, kisha mkutane tena muone kilichobaki mfukoni. Safari ya pili mtaijua wenyewe, kwa kuwa hakuna mtaalamu, wa Totnes wala wa Dodoma, anayejua mtaa wenu unavyotumia fedha yake kuliko ninyi mnaoitumia.